Kontena, Ghala na Masomo ya Mwalimu



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie jambo ambalo huenda likaonekana geni katika tafakari zetu: seva ya video tuliyoisimamisha wenyewe katika ofisi ya parokia hapa Mirongo, na jinsi mikono yetu wenyewe ilivyopoteza humo kitu kilekile tulichokusudia kukihifadhi. Tumesita muda mrefu kuandika, kwa sababu kosa ni letu. Lakini mapadre wenzetu wameanza kutuuliza njia tuliyoipita, na si haki kumwonyesha mwenzio njia huku ukimficha shimo ulilotumbukia.

Wengi wenu mlimfahamu katekista wetu mzee, ambaye mtaani hapa wakubwa kwa wadogo walimwita Mwalimu. Kwa zaidi ya miaka 40 aliwaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, akichanganya Kiswahili na Kisukuma, akichota mifano yake katika nyavu, mitumbwi na mashamba ya pamba. Mwaka 2022, afya yake ilipoanza kudhoofu, vijana wetu wa VIWAWA walimketisha chini ya mwembe wa parokia wakamrekodi kwa simu. Yakapatikana masomo 12, kila moja kama nusu saa. Mwezi Novemba 2023 tukamzika.

Masomo hayo tuliyapakia katika huduma mojawapo ya kigeni ya kuhifadhi video bila malipo, tukashukuru, tukasahau. Vijana nao, kama ilivyo desturi, wakafuta simu zao ili wapate nafasi. Tulikuwa na hakika kwamba Mwalimu yuko mahali salama.

Onyo la kwanza lilikuja Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata shida kubwa ya intaneti kwa siku kadhaa. Watoto wetu walikuwa wamekaa ukumbini wakisubiri somo. Kutoka ukumbini hadi kwenye ule mwembe ni hatua 20 hivi. Hata hivyo sauti ya mtu aliyeketi chini ya mwembe huo haikuweza kuwafikia, kwa kuwa waya ulikuwa umekatika baharini, mbali kabisa na Ziwa letu. Tulitabasamu kwa uchungu, tukawafundisha wenyewe, na waya ulipotengenezwa tukasahau tena.

Onyo la pili halikutoa nafasi ya kusahau. Mwezi Septemba mwaka huohuo tulipokea taarifa kwamba chaneli yetu imefungwa. Kila somo lilianza na wimbo wa kwaya, na mtu fulani alikuwa amedai haki juu ya muziki huo. Tukaandika rufaa, jibu likaja baada ya dakika chache, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuna mwanadamu aliyeisoma barua yetu. Tuseme ukweli wote: sisi nasi hatukuwa tumeomba idhini ya mtunzi. Mdai alikuwa na hoja. Lakini kwa sababu ya dakika mbili za wimbo, saa sita za Mwalimu zilikuwa zimetoweka pamoja nao.

Tulikwenda kumpa pole mjane wake, kana kwamba amefiwa mara ya pili. Akatusikiliza, kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na memori kadi ndogo kuliko kucha. "Baba, mimi sijui kilichomo," alisema. "Yeye aliniambia tu nisiitupe." Mwalimu, ambaye sisi tulidhani hajui lolote kuhusu mitambo, alikuwa amemwomba mjukuu amwekee nakala. Masomo yote 12 yalikuwamo.

Ndipo tulipojiuliza: je, mababu zetu katika imani walifanya kama sisi? La hasha. Walipotaka neno lidumu, walijenga viwanda vya uchapaji: Peramiho, Ndanda, na T.M.P. pale Tabora. Gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1950, halikuwekwa rehani kwa mtu wa ng'ambo ambaye angeweza kuamka asubuhi moja akafunga mlango. Tulipokuwa seminarini Kipalapala, nusu ya vitabu vya Kiswahili tulivyovishika vilikuwa vimechapwa mahali ambapo Kanisa la nchi hii lilikuwa na ufunguo wa mlango. Tukaona aibu kwamba sisi, wenye vifaa vingi kuliko wao, hatukuwa na ufunguo wa chochote.

Kijana mmoja wa parokia yetu, aliyesoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, alitueleza kwamba ipo programu huria iitwayo PeerTube. Imetengenezwa na Framasoft, chama kisicho cha biashara cha huko Ufaransa, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwezi Oktoba 2018. Haina ada ya leseni. Mwenye kompyuta yake huiweka humo, akawa na mahali pake pa kuonyeshea video, na akitaka anaweza kuungana na seva za wengine bila kuwa chini yao. Ina hekima nyingine pia: watu kadhaa wanapotazama video moja kwa wakati mmoja, vivinjari vyao vinaweza kugawiana vipande vya video hiyo, ili mzigo wote usiielemee seva moja.

Januari 2025 tukaanza. Tulikuwa na kompyuta ya mezani iliyokuwa imestaafu, tukainunulia diski mpya. Kijana wetu akajaribu kwanza kupandikiza kila kitu kwa mkono: PostgreSQL ya kutunza hifadhidata, Redis ya kuweka kumbukumbu za muda mfupi, FFmpeg ya kubadili ukubwa wa video, Nginx ya kupokea wageni mlangoni, na PeerTube yenyewe. Kila moja ilidai matoleo fulani ya programu nyingine. Akitengeneza hiki, kile kinavunjika. Baada ya majuma mawili akasema, "Baba Paroko, tukiendelea hivi Pasaka itafika hatuna seva. Tutumie makontena."

Sisi wakazi wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa kontena ni nini. Tunayaona barabarani yakipanda kutoka Dar es Salaam, na yale yaliyochoka safari yamegeuzwa maduka ya saruji na vipuri. Tena tunao mfano wa zamani wa wazo hilohilo: meli ya MV Umoja, iliyojengwa kubeba mabehewa ya reli. Behewa hupanda melini na mzigo wake, likavuka Ziwa hadi Port Bell, Uganda, likateremkia relini bila mtu kushusha gunia hata moja. Mmarekani Malcom McLean alifanya hivyo kwa masanduku ya chuma: tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kabla yake kila mzigo ulipakiwa kwa umbo lake, ukitaka wapagazi wengi na siku nyingi. Baada yake winchi haiulizi ndani kuna nini. Inajua tu pembe za kushikia.

Makontena ya kompyuta yamefuata mantiki hiyo. Programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji ili kufanya kazi, ikawekwa katika umbo moja linalokubalika kwenye mashine yoyote yenye chombo cha kulipokea. Chombo kinachojulikana zaidi, Docker, kilitangazwa hadharani mwaka 2013, ingawa uwezo wa kuzitenganisha programu ulikuwa umekwisha kujengwa ndani ya kiini cha Linux miaka kadhaa kabla. Kontena si kompyuta nzima iliyowekwa ndani ya kompyuta nyingine. Makontena yote hutumia kiini kimoja cha mfumo, kama vyumba vya nyumba moja ya kupanga vyenye paa moja, kila mpangaji na mlango wake. Ndiyo maana hata ile kompyuta yetu mstaafu iliyamudu.

Kijana wetu akaandika faili moja fupi, ukurasa mmoja na nusu, akitaja makontena matano, yupi azungumze na yupi, na kwa mlango upi. Akatoa amri moja. Mashine ikapakua vilivyohitajika, na jioni ile ukurasa wa parokia ukafunguka. Kazi iliyoshindikana kwa majuma mawili ilimalizika kabla ya Masifu ya Jioni.

Yapo mengine tuliyojifunza, na tunayaweka hapa kwa manufaa ya wenzetu. Kwanza, jina la tovuti lichaguliwe kwa utulivu kabla ya kuiwasha PeerTube, kwani kulibadilisha baadaye ni kazi yenye madhara. Pili, pigeni hesabu ya mkondo wa intaneti: video ya wastani inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula kama megabaiti 450 kwa saa, watazamaji 10 kwa pamoja wanadai megabiti 10 za kutoka nje, na vifurushi vingi hutoa kasi kubwa ya kupokea lakini ndogo ya kutuma. Tatu, tuliielekeza ruta yetu iifikie seva moja kwa moja ndani ya uzio wa parokia, hivyo waya wa baharini ukikatika tena, watoto ukumbini watamwona Mwalimu. Nne, betri ya akiba ni ya lazima, maana umeme ukikatika ghafla hifadhidata huweza kuharibika. Na tano, kwa kuwa tunaishi karibu na Mto Mirongo na tunaijua tabia yake wakati wa masika, seva tuliiweka kwenye rafu ya juu kabisa.

Tuliilinda dhidi ya mto, umeme, waya na wageni. Hatukuilinda dhidi yetu sisi wenyewe.

Jumamosi ya tarehe 15 Machi 2025, wakati wa Kwaresima, toleo jipya la programu lilikataa kuwaka. Kijana wetu alikuwa amesafiri kwenda Dodoma. Tungeweza kusubiri siku mbili. Lakini tulikuwa na maarifa ya miezi miwili, na maarifa ya miezi miwili ni hatari kuliko ujinga, kwa sababu ujinga huuliza. Tulisoma mahali kwamba mtu akikwama ayaondoe makontena yote kisha aanze upya. Ushauri huo si mbaya. Kontena limekusudiwa kutupwa na kuumbwa tena. Hiyo ndiyo nguvu yake. Kinachopaswa kubaki hakitakiwi kukaa ndani ya kontena, bali katika hifadhi ya nje, ambayo kontena hufungua dirisha tu na kuchungulia.

Mwongozo wa wenye programu ulishauri hifadhi hiyo iwe folda ya kawaida kwenye diski, mahali panapoonekana. Sisi, ili kufupisha, tulikuwa tumewaambia wasaidizi wetu waiache mikononi mwa Docker yenyewe. Na katika amri ile ya kuondoa makontena tuliongeza herufi moja, v, kwa kuwa tuliiona imeandikwa mahali na tukadhani inasaidia. Herufi hiyo humwambia Docker: ukiondoa makontena, ondoa na hifadhi zake. Docker ilitii. Ilichukua sekunde chache.

Tulipowasha upya, kila kitu kilifanya kazi vizuri mno. Ukurasa ulifunguka haraka kuliko siku zote, ukatukaribisha kama wageni wapya. Haukuwa na video hata moja.

Tukakimbilia kwa mjane. Ile kadi tulikuwa tumemrudishia Februari, kwa heshima na shukrani, pasipo kuacha nakala mahali pengine popote, kwani si seva ilikuwapo? Akatueleza kwamba mjukuu, alipoona Baba Paroko amekwisha kuchukua alichohitaji, aliiweka kadi katika simu yake. Hatukuweza kumlaumu. Tuliokoa masomo 9. Matatu yalikuwa yamefunikwa na picha za mpira na muziki, na mojawapo lilikuwa la 12, la mwisho, ambamo Mwalimu aliwaaga watoto kwa Kisukuma. Mjane hakulia. Aliuliza tu, "La mwisho halipo, Baba?" Tukajibu kwamba halipo. Swali hilo bado linatuamsha usiku.

Wapendwa, tulipokuwa seminarini tulifundishwa kitenzi kimoja cha Kilatini, *tradere*, yaani kutoa kitu mkononi mwako na kukiweka mkononi mwa mwingine. Katika kitenzi hicho limetoka neno la Mapokeo, urithi tuliokabidhiwa na Mitume. Lakini kitenzi hichohicho hutumika kwa kusaliti. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano alipoamuru vitabu vitakatifu vichomwe, walikuwapo watumishi wa Kanisa katika Afrika ya Kaskazini waliovitoa kwa askari, nao wakaitwa *traditores*, watoaji. Na ugomvi juu yao uliligawa Kanisa la huko kwa vizazi. Mwenye kurithisha na mwenye kusaliti wote wawili hunyoosha mkono na kukiachia kitu. Tofauti iko katika nani anapokea, na kama wewe uliyeachia umeendelea kuwajibika.

Tulipofungiwa chaneli tulijiona tumeonewa na wageni wenye nguvu. Je, tulikuwa na haki ya kulalamika? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini yule mgeni na sisi tulifanya jambo lilelile: tulishika kumbukumbu ya mwenzetu bila kuijua thamani yake. Kuwa na ufunguo wa nyumba yako ni jambo jema. Ufunguo peke yake haumfanyi mtu kuwa mlinzi. Katika habari hii yote mlinzi wa kweli alikuwa mama mmoja asiyejua kilichomo katika kitambaa, ila alijua kwamba ameambiwa asikitupe.

Neno kontena nalo, kwa kupitia Kiingereza, limetoka katika Kilatini, *continere*, kushika pamoja. Linashika kwa safari tu. Bandarini hakuna anayeweka akiba ya familia ndani ya kontena. Mzigo ukifika hupelekwa ghalani, na ghala lina daftari, na daftari lina mtu.

Basi sasa tumefanya hivi. Video zinakaa katika folda inayoonekana, nje ya makontena. Kila moja ina nakala 3: ya kwanza katika seva, ya pili katika diski ya pembeni iliyofungiwa kabatini, na ya tatu imepelekwa kwa jirani zetu wa parokia nyingine, mbali na mto wetu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaichukua nakala moja na kujaribu kuirudisha, maana nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu. Amri za kufuta haziandikwi na mtu mmoja. Lazima wawili wasome pamoja, na paroko si mmoja wa hao wawili.

Kadhalika, seva yako mwenyewe haikuondoi chini ya sheria. Nyimbo za watunzi tunaziombea idhini kwanza. Watoto hawarekodiwi bila ridhaa ya wazazi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu na sisi. Na kwa kuwa nchi yetu ina kanuni za maudhui ya mtandaoni, anayetaka kuwaonyesha watu wote aanze kwa kuiuliza TCRA.

Na lile somo la 12? Haliwezi kurudi. Lakini Jumapili moja baada ya Misa tulitangaza msiba huu mdogo, tukaomba msamaha mbele ya waamini wote. Baada ya tangazo walibaki watu kanisani: mama muuza dagaa, dereva wa bajaji, muuguzi wa Bugando, wote waliowahi kukaa mkekani mbele ya Mwalimu wakiwa watoto. Mmoja akaanza kusema maneno aliyokuwa akiagia kila mwaka, mwingine akamsahihisha, wa tatu akaongeza salamu ya Kisukuma ambayo wawili walikuwa wameisahau. Vijana wakarekodi. Si sauti yake, na hatutaki kujidanganya kwamba ni sawa. Lakini alikuwa amekwisha kukabidhi, muda mrefu kabla ya simu, kwa watu ambao kila mmoja aliambiwa asitupe.

Mjane wake alikuja kutazama. Tulimpa kadi mpya yenye masomo 9 na rekodi ya wale watu. Akaifunga katika kitambaa kilekile, akapiga fundo.

Ndugu msomaji, nyumbani kwako kuna sauti gani ambayo imebaki mahali pamoja tu? Usisubiri tafakari yetu ya juma lijalo. Fanya nakala leo.

Tukumbukane katika sala.